Nani Ana Haki ya Kutosa Shehena?

Katika desturi ya vyombo vya bahari yetu kulikuwa na mambo mawili ambayo nahodha mwema hakuyachanganya. La kwanza ni kukataa shehena. Akiona chombo kimejaa, au msimu umeharibika, au mwenye mzigo si mtu wa kuaminika, alikuwa na haki ya kusema sipakii, na mwenye mzigo akaenda kutafuta chombo kingine. La pili ni kutosa. Shehena ikishapakiwa haikutoswa baharini ila kwa dhoruba, pale roho za watu zilipokuwa hatarini. Kukataa ni haki ya mwenye chombo. Kutosa ni dharura, na dharura ina masharti yake.

Nimekuwa nikiyatafakari mambo haya mawili tangu mwaka 2022, kwa sababu ambayo msomaji huenda akaiona iko mbali na bahari. Mwezi wa Agosti mwaka huo kampuni ya Warner Bros. Discovery ya Marekani ilitangaza kuwa filamu yake iitwayo Batgirl haitaonyeshwa popote, si katika majumba ya sinema wala katika nyumba za watu. Upigaji picha ulikwishamalizika, uhariri ulikuwa ukiendelea, na gharama ziliripotiwa kufikia takriban dola milioni 90. Waongozaji wake wawili, Adil El Arbi na Bilall Fallah, Wabelgiji wenye asili ya Morocco, walipata habari hiyo kama wengine walivyoipata. Hapakuwa na mahakama iliyoipiga marufuku filamu ile, wala serikali iliyoiogopa, wala mashekhe au mapadri walioilaani. Kampuni ilisema imebadili mkakati wake. Waliozijua hesabu zake waliripoti kwamba, kwa mizani ya kodi, filamu iliyofutwa ilikuwa na manufaa zaidi kwa kampuni kuliko filamu iliyoonyeshwa.

Basi swali ninaloliuliza ni hili: je, mwenye mali ana haki ya kuizamisha kazi ya mikono ya watu mamia, kwa kuwa tu ni mali yake?

Tumtendee haki mwenye mali kwanza, maana hoja yake si dhaifu. Atasema: fedha ni zangu, hatari ilikuwa yangu, na lau filamu ingepata hasara hakuna mtazamaji ambaye angekuja kunichangia. Atasema pia kwamba kila aliyefanya kazi alilipwa: mwongozaji, mpiga picha, fundi seremala, mshona nguo, hata aliyechukua chai. Hakuna aliyedhulumiwa ujira wake. Ataongeza kuwa dhoruba ilikuwapo, maana kampuni ilikuwa na deni kubwa mno, na mwenye deni hupunguza mzigo ili chombo kisizame.

Hoja ya deni naijibu kwa ufupi. Sehemu kubwa ya deni lile ilitokana na kuunganishwa kwa kampuni mbili kubwa katika mwaka ule ule wa 2022. Dhoruba ya Mungu ni jambo moja, na dhoruba ya kujitakia ni jambo jingine. Nahodha aliyepakia kupita kiasi kwa tamaa hawezi kusimama mbele ya wenye mizigo akasema bahari ndiyo iliyomlazimisha.

Hoja ya ujira ni nzito zaidi, na mimi nina sababu ya kuijua. Miaka mingi iliyopita nilitafsiri riwaya nzima kwa Kiswahili, kazi ya usiku wa miaka miwili, kwa kuwa mchana nilikuwa na shughuli nyingine ya kunilisha. Sikupita chuo chochote, na lugha nilizonazo nilizipata kwa kamusi, kwa redio na kwa ukaidi. Mchapishaji mmoja, ambaye sitamtaja, aliinunua tafsiri ile. Nililipwa, nikatia saini, nikafurahi. Kitabu hakijatoka hadi leo. Nilipokwenda kuomba nirudishiwe ili nikipeleke kwingine, nikaambiwa kwa adabu kuwa ni mali ya kampuni. Msomaji ataniuliza nilipotezewa nini, ilhali fedha nilizipokea na nilizila. Jibu langu ni kwamba nililipwa kwa kutafsiri, lakini sikutafsiri ili nilipwe tu. Nilitafsiri ili mtu wa Makunduchi au wa Mkoani afungue kitabu kile akisome. Ujira hulipia mkono. Kilichoushika mkono huo mpaka alfajiri ni matumaini kwamba kuna jicho linalongoja, na hakuna mkataba unaoweza kuyalipia matumaini hayo na kisha kuyaweka kabatini, bila ya kumfanya mtu ajione alichimba kisima akafukia.

Sheria haina jina la jambo hili. Lugha yetu ya maadili inalo: ubadhirifu. Mwenye ghala akiuchoma mpunga wake mwenyewe mwaka wa njaa, hatutamwomba risiti ili kujua kama mpunga ni wake. Tunajua ni wake, na bado tunajua ametenda uovu. Ni kweli kwamba hakuna atakayekufa kwa kuikosa Batgirl, na yamkini ilikuwa filamu mbaya. Lakini ubaya wa kazi hauamuliwi na asiyeiona. Hukumu hiyo ni ya watazamaji, na wao ndio walionyang'anywa baraza lao.

Tuulize basi imekuwaje chombo, shehena na bandari vikaingia katika mkono mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1908, Thomas Edison na wenzake waliunda Marekani kampuni ya hataza, Motion Picture Patents Company, iliyoshikilia haki za kamera na mashine za kuonyeshea, na ikapatana na Eastman Kodak juu ya filamu ghafi. Aliyetaka kutengeneza au kuonyesha picha zinazokwenda ilimpasa kuchukua leseni na kulipa. Wakatokea wakaidi. Mmoja alikuwa Carl Laemmle, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwingine alikuwa William Fox, aliyezaliwa Hungaria na kukulia katika umaskini wa New York. Hawa walikuwa na vijumba vidogo vya kuonyeshea picha kwa senti, wakashtakiwa, wakasumbuliwa, nao hawakukubali kwamba mtu mmoja anaweza kuimiliki nuru inayopita katika kioo. Mwaka 1915 mahakama iliamua dhidi ya wenye hataza, na wakaidi wakashinda.

Nini walichofanya na ushindi wao? Laemmle alikwishaanzisha Universal mwaka 1912, Fox akaanzisha kampuni yenye jina lake mwaka 1915, na Adolph Zukor, aliyetoka katika biashara ya manyoya, akaijenga Paramount. Ilipofika miaka ya 1930, kampuni nane ziliishika sinema ya Marekani. Tano kati yake, yaani Paramount, MGM pamoja na mama yake Loew's, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO, zilimiliki studio za kutengenezea, ofisi za kusambazia na majumba ya kuonyeshea. Mwenye jumba dogo la mtaani aliyetaka filamu moja ya nyota anayependwa alilazimishwa kununua na nyingine nyingi asizozitaka, baadhi yake hazijapigwa hata picha moja. Ni mithili ya muuza samaki anayekwambia hupati nguru mpaka ununue na fungu la dagaa waliolala. Walioteswa na mlango uliofungwa walijenga mlango mkubwa zaidi, wakajiwekea ufunguo mfukoni.

Serikali ya Marekani ilifungua kesi mwaka 1938, na Mei 1948 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mtindo ule ni kinyume cha sheria. Kuuza filamu kwa mafungu kukakatazwa, na kampuni zikalazimika kujitenga na majumba yao. Hukumu ile haikuleta pepo. Studio zilipunguza idadi ya filamu, na televisheni nayo ikaja na mambo yake. Lakini kwa mara ya kwanza mwenye jumba aliweza kuchagua filamu moja moja, na watengenezaji wasiokuwa na studio wakapata mahali pa kubisha hodi. Amri zilizotokana na kesi hiyo zilidumu zaidi ya miaka 70. Agosti 2020 mahakama ya New York ilizifuta, kwa hoja kwamba soko limebadilika.

Soko lilibadilika kweli, ila si kwa namna ya kumtuliza mtu. Mwaka 2019 Disney iliinunua sehemu kubwa ya kampuni iliyobeba jina la Fox, kwa takriban dola bilioni 71, na mwaka uliofuata jina la Fox likaondolewa katika studio ile. Kampuni hizi sasa zina njia zao za intaneti. Ile ile inayotengeneza filamu ndiyo inayoisafirisha na ndiyo iliyokupangisha dirisha la kutazamia ndani ya nyumba yako. Siku ikiamua kuiondoa filamu hapo, hakuna utepe katika ghala la jirani, na aghalabu hakuna hata diski.

Tusidhani kuwa jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Katika nchi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa, kampuni mbili, COMACICO na SECMA, zilishikilia usambazaji wa filamu hata baada ya bendera kubadilishwa. Waafrika walianza kutengeneza filamu, Ousmane Sembène akatoa Mandabi kwa Kiwolofu mwaka 1968, lakini majumba ya sinema ya miji yao yalikuwa yakilishwa na wengine. Mwaka 1970 Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, iliyataifisha majumba yake. Kampuni zile zikalipiza kwa kuinyima nchi ile filamu. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa aliye na jumba bila ya njia ya kuletewa filamu ana viti tu.

Kuna watakaosema: basi serikali na ishike njia. Nami nawakumbusha kisa kingine cha Sembène. Filamu yake Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiwa kuonyeshwa Senegal, nchi yake mwenyewe, na sababu iliyotajwa rasmi ilikuwa tahajia: neno hilo liandikwe kwa d moja au kwa d mbili. Rais wa nchi alikuwa Léopold Sédar Senghor, mmoja wa washairi wakubwa wa bara hili. Mshairi alifunga mlango kwa herufi moja. Wengi waliona kuwa herufi ilikuwa kisingizio, na kwamba kilichouma ni yale ambayo filamu ilisema juu ya dini, utumwa na madaraka. Iwe iwavyo, ufunguo wa serikali na ufunguo wa mfanyabiashara hufunga kwa sauti ile ile.

Nilipokuwa kijana nilimcheka Senghor kwa kisa hiki. Siku hizi simcheki.

Kwa miaka mitatu niliwahi kukabidhiwa kazi ya kuchagua mashairi ya kipindi kimoja cha redio. Siku moja binti mmoja aliniletea shairi lake kwa mkono, limeandikwa kwa kalamu ya bluu katika karatasi mbili za daftari. Lilikuwa guni. Mizani iliyumba, vina vya kati vilipotea katika ubeti wa tatu na havikurudi tena. Lakini lilikuwa na uhai ambao mashairi yangu ya mizani timilifu ya mwaka ule hayakuwa nao, na hilo nililijua nikiwa nalisoma. Sikulikataa. Nilimwambia nitalitazama. Nikaliweka katika jalada, naye akangoja, kwa kuwa niliyemwambia angoje nilikuwa mimi, mtu mwenye jina. Lau ningelikataa, angelipeleka kwingine. Sikulipakia, wala sikumwachia apakie katika chombo cha mwingine. Nami wakati huo huo nilikuwa nikilalamika kila barazani juu ya tafsiri yangu iliyofungiwa kabatini.

Ndiyo maana siwaoni Laemmle na Fox kuwa watu wa ajabu. Anayeonewa mlangoni hujifunza mambo mawili kwa pamoja: uchungu wa kufungiwa na thamani ya ufunguo. La pili ndilo tunalolikumbuka zaidi tukishaingia ndani.

Je, dawa ni kuvunja mlango? Watu wetu walijaribu. Katika vibanda vya video vya Tanzania filamu za Marekani, za India na za China zimekuwa zikioneshwa na sauti ya mtafsiri juu yake, na Lufufu wa Dar es Salaam akawa bingwa wa kazi hiyo. Mimi ni mtafsiri, na nakiri kuwa mtu yule aliwafikishia watazamaji wa Kiswahili filamu nyingi kuliko studio zote za Hollywood zilivyowahi kufikiria kuwafikishia. Hakuna msambazaji mkubwa aliyekaa akajiuliza mpiga makasia wa Tandale ataelewaje maneno ya filamu ile. Lakini mlango uliovunjwa hauchagui anayeingia. Diski bandia iliyomnyima haki tajiri wa California ilimnyima vile vile msanii wa Kariakoo, ambaye kanda moja ndiyo kodi yake ya nyumba. Siuiti wizi ule ushujaa. Nasema tu kwamba ni moshi, na moshi huonyesha palipo na moto.

Hukumu yangu basi ni hii, nami naiweka mbele ya msomaji aipime. Mwenye chombo ana haki ya faida. Ana haki ya kuchagua, ya kuchelewesha, ya kusema hii sipendi, sitaipeleka. Asichokuwa nacho ni haki ya mambo mawili kwa pamoja: kukataa kuipeleka kazi na kumzuia mwingine asiipeleke. Kila moja peke yake laweza kuwa biashara. Yakiunganishwa huwa ni kutosa bila ya dhoruba. Asiyetaka kupakia na ashushe mzigo gatini, kwa bei ya haki, auchukue anayeuweza.

Wala hili si ndoto. Kampuni ile ile ya Warner ilitangaza Novemba 2023 kuwa haitaitoa filamu nyingine iliyokwisha kamilika, Coyote vs. Acme. Watengenezaji na watu wengi wa fani wakapiga kelele, kampuni ikakubali kuwaonyesha wanunuzi, na baada ya mivutano mirefu, mwaka 2025, kampuni ndogo ya Ketchup Entertainment ikainunua. Hapakuhitajika mapinduzi. Palihitajika mzigo kushushwa gatini.

Na asiyepata mnunuzi? Kazi iwekwe katika nyumba ya kumbukumbu, hata kama haki za biashara zitabaki kwa mwenyewe, ili isife na hasira au hesabu za mwaka mmoja. Mwaka 1942 RKO iliikata filamu ya Orson Welles, The Magnificent Ambersons, zaidi ya dakika 40, mwenyewe akiwa Brazil, ikaitoa ikiwa na dakika 88. Vipande vilivyokatwa viliharibiwa. Maofisa walioamua wameshakufa, na faida au hasara ya mwaka ule haimhusu mtu yeyote aliye hai. Kilichobaki ni tundu, na watu wanalizunguka hadi leo wakikisia lilikuwa na nini.

Nasi watazamaji tusijitoe katika hesabu hii. Tamasha la Nchi za Jahazi lilipoanza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1990, lilileta Ngome Kongwe filamu ambazo hakuna msambazaji angezileta, na wengi wetu tulipita nje tukiwahi nyumbani kutazama kile ambacho mkubwa wa mbali alikwishatuchagulia. Chombo kidogo hakizamishwi na chombo kikubwa tu. Huzama pia kwa kukosa abiria.

Mwaka jana nilifungua majalada yangu ya zamani, nikaziona zile karatasi mbili za daftari. Nilimtafuta mwenyewe, na kisiwa ni kidogo, nikampata. Ni mama wa watoto wakubwa sasa, anauza nguo, na aliniambia kuwa hakuandika tena. Nilimrudishia shairi lake na kumwomba radhi. Alilisoma amesimama, taratibu, midomo ikicheza, kisha akalikunja.

"Maalim," akaniambia, "ungeniambia hapana siku ile ile, si ningelipeleka kwa mwingine?"

Swali lake hilo ndilo ninaloliweka mbele ya wenye vyombo, wa Burbank na wa hapa kwetu. Mimi mwenyewe nimekwisha ulizwa.